Manyoya ya Paka Yamejaa Kwa Kochi? Soma Hii Kabla Hujapeleka Doh Luthuli

Kama unafuga paka ama mbwa ndani ya keja hapa Uthiru, hii story unaijua. Umevaa sweta nyeusi, umetoka fiti kabisa, ukifika stage unapata umebeba nusu ya paka mgongoni. Hiyo unaweza chekea. Shida kubwa ni pale mtoto anaanza kupiga chafya usiku, kifua kinalia kama filimbi, na mathe akikuja kutembea anasema hiyo paka iondoke leo leo. Hapo ndio watu hukimbia kutafuta vakyumu, na hapo ndio wengi huuziwa mbuzi kwa gunia.

Basi wacha nikupatie rada mapema. Kwa keja yenye mnyama, namba iliyoandikwa kwa boksi sio kitu ya kuangalia kwanza. Angalia brashi iko namna gani, hewa inatokea wapi baada ya kuvutwa, na kama utapata spea. Hizo tatu zikikataa, mashine itakuwa ya kuweka juu ya kabati kufikia Krismasi.

Tuanze na kenye unapigana nayo. Watu wengi hufikiri nyoya ndilo linaleta chafya. Zii. Kenye husumbua kifua ni protini inayotoka kwa mate na ngozi ya paka, wataalamu huiita Fel d 1. Paka akijilamba, mate yanakauka kwa manyoya, yanavunjika vipande vidogo sana ambavyo huwezi ona, na vinaelea hewani kwa masaa. Mbwa pia ako na zake. Kwa hivyo nyoya unaloliona kwa kochi ni kama gari tu, abiria ndio noma.

Sasa fikiria mashine ya bei ya chini yenye filta ya kitambaa hafifu. Inavuta nyoya mbele, unaona kapeti imeng'aa, unafurahi. Nyuma inatoa hewa yenye wale abiria wote, tena kwa speed. Unamaliza kusafisha na mtoto ndio anaanza kukohoa. Watu husema mtoto ana aleji ya kelele ya mashine. Wapi! Ni hiyo hewa.

Ndio maana utasikia neno HEPA. Filta ya HEPA ya ukweli inashika asilimia 99.97 ya vumbi la ukubwa wa mikroni 0.3, na hiyo ni ndogo kuliko unywele wako mara nyingi sana. Lakini chunga, kuna boksi zimeandikwa "aina ya HEPA" ama "kama HEPA". Hiyo ni kama kusema simu ni kama Samsung. Na hata filta iwe ya ukweli, kama kifuniko cha mashine hakifungi vizuri, hewa itapita kando yake tu. Mpira wa kuzuia hewa uangalie na macho yako.

Ile history ya hii mashine inanibamba juu ilianza na kifua ya mtu. Kulikuwa na mzee anaitwa James Murray Spangler, alikuwa anafagia duka huko Canton, Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi ya kazi ilikuwa inammaliza. Mwaka wa 1907 akaunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaweka brashi inayozunguka chini. Akapata hataza 1908, kisha akauzia familia ya Hoover, na ndio unaona hiyo jina kila mahali. Mse wa kufagia, sio profesa. Na tangu siku ya kwanza alijua kuvuta peke yake hakutoshi, lazima kitu ikwaruze kapeti.

Hiyo brashi ndio tunarudi kwake. Nyoya la paka haliko juu ya kapeti, limejisokota ndani ya nyuzi, na zile kapeti flafi kila keja iko nayo siku hizi ndizo mbaya zaidi. Mdomo wa vakyumu wa kawaida, ule wa plastiki bapa, unapita juu yake kama matatu inapita stage imejaa. Unahitaji kichwa chenye brashi inayozunguka. Kuna inayozungushwa na mota yake yenyewe, na kuna inayozungushwa na upepo wa mashine tu. Ya mota iko poa zaidi kwa kapeti nzito. Ya upepo inasaidia kwa kochi na ngazi, lakini ukiisukuma chini kidogo inasimama. Kama duka inauza hiyo kichwa kando, peana doh ya hiyo kabla uongeze doh ya mashine kubwa.

Na zile wati? Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni wati 2000, inavuta mpaka mawe!" Wati ni stima mashine inakula, sio nguvu inayovuta. Umoja wa Ulaya ulikataza vakyumu mpya za kawaida za kupita wati 1600 mwaka wa 2014, halafu Septemba 2017 wakashusha hadi 900. Makampuni yalilia kiasi, kisha yakatengeneza za wati 900 na maisha ikaendelea. Kwa hivyo ukiona mtumba ya Uingereza imeandikwa wati 800, usiidharau. Hesabu ya token ni rahisi: wati 1600 kwa dakika 15 ni yuniti 0.4. Mara tatu kwa wiki ni yuniti 1.2. Sio hiyo itakulaza giza.

Aina ziko nyingi lakini kwa mtaa utakutana na tatu hivi. Kuna drum, ile pipa ya magurudumu inayovuta maji na vumbi. Ni ngumu, fundi wanaijua, ikimwagikiwa chai haijali. Kwa car wash iko sawa kabisa. Kwa manyoya, mara nyingi inakuja bila brashi ya kuzunguka na filta yake ni ya kitambaa ama sponji, kwa hivyo kwa keja yenye mtu wa pumu, mimi singeichukua hivyo hivyo bila kuuliza kama kuna filta nzuri yake. Kuna zile za mfuko. Watu huzikwepa juu mifuko ni ya kununua, lakini kwa aleji ndizo ningechagua: mfuko wa karatasi nene unashika vumbi, unautoa umefunga, unatupa. Zile za mkebe wa plastiki hazina gharama ya mfuko, ila ukimwaga, lile wingu linakurudia usoni. Mwaga nje, upepo ukiwa nyuma yako. Ya tatu ni ya betri, isiyo na waya. Inakaa classy, inafika chini ya kitanda, lakini ukiiweka kwa nguvu ya mwisho betri inaisha ndani ya dakika chache tu, na baada ya miaka kadhaa betri yenyewe inachoka. Uliza betri mpya ni how much na iko wapi. Muuzaji akianza kuangalia dari, toka.

Kuna wale watumiwa mashine na ndugu wa majuu. Ikitoka Uingereza hakuna stress, plagi yao ya miguu mitatu ndiyo yetu, na volti zinaelewana na 240 zetu. Ikitoka Marekani simama hapo. Kwao ni volti 120, na ukichomeka hapa moja kwa moja mota inalia sekunde mbili inatoa moshi. Ile transfoma ndogo ya kuchaji vitu haitoshi pia, juu vakyumu kubwa ya Marekani inaweza vuta karibu wati 1400. Utanunua transfoma nzito kama jiwe la kusaga. Mwambie brathe atume viatu.

Ukienda kununua, iwe Luthuli Avenue ama duka kubwa hapo Waiyaki Way, beba manyoya. Sifanyi jokes. Chana paka, weka kwa karatasi, fika dukani, sugua kwa kipande ya kapeti na uambie wakuwashie. Kama inaacha nusu hapo, kwako itaacha yote. Halafu washa tochi ya simu karibu na mahali hewa inatokea, upande wa kivuli. Ukiona vumbi inacheza kwa mwangaza, hiyo filta ni pambo. Mwisho uliza mfuko, filta na belti zinapatikana wapi, kwa sababu filta isiyopatikana Nairobi inafanya mashine nzima kuwa ya msimu mmoja.

Sasa upande wa kutunza, na hapa ndio vita inapotezwa. Vakyumu ya nyumba ya paka haifi juu ya uzee, inanyongwa.

Geuza kichwa kila baada ya kutumia mara mbili tatu, plagi ikiwa imetoka kwa soketi. Utaona manyoya, nywele za braids na nyuzi zimejisokota kwa ile brashi. Pitisha makasi kwa ule mfereji ulioko kando ya brashi, kata, vuta. Angalia sana pale mwisho wa brashi, kushoto na kulia, mahali inazungukia. Nywele ikiingia hapo brashi inakaza, belti inateleza, inapata joto, unasikia harufu ya mpira umeungua. Watu wakifika hapo wanasema mashine ni fake. Belti imekatika tu, na ni kitu ndogo.

Usingoje mkebe ujae. Ukifika pale kwa mstari, mwaga. Manyoya ni mepesi lakini yanashindilia, hewa ikikosa njia mota inajipika, juu hiyo hewa ndiyo huipoza. Kama nguvu imepungua ghafla, toa bomba uchungulie ukielekeza kwa dirisha. Mara nyingi ni mpira wa manyoya umekwama kwa kona.

Filta ya sponji oshea maji baridi, bila Omo. Kisha iache ikauke kabisa, angalau masaa 24. Lakini wewe unaishi Uthiru, na kati ya Juni na Agosti huku Kabete side jua linaonekana kama pesa ya serikali. Ipe siku mbili ama tatu, na kama una uwezo nunua ya pili ya kubadilisha. Usiianike juu ya jiko. Usiirudishe ikiwa mbichi, italeta ile harufu ya mbwa amenyeshewa, na unyevu utaingia kwa mota. Filta ya HEPA ya karatasi usioshe kabisa kama haijaandikwa inaoshwa. Gonga polepole kwa pipa huko nje, ikichoka badilisha.

Vitu za kutovuta: jivu la makaa hata kama unafikiri limepoa, simiti ya fundi aliyekuwa anaziba ukuta, na poda ya viroboto uliyomwaga kilo nzima. Hiyo unga laini inaziba filta mara moja. Viroboto wenyewe vuta bila huruma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walijaribu 2007 wakapata asilimia 96 ya viroboto wakubwa walikufa kwa kuvutwa tu. Kama bado wanarudi, shida iko kwa mnyama, na madaktari wa wanyama sio wa kutafuta mbali: kitivo chao cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Upper Kabete.

Kwa wale wako na mtoto wa pumu, mtoeni kwa chumba mkisafisha, fungua madirisha, na paka asilale bedroom. Inhela iendelee vile daktari alisema, vakyumu sio dawa. Na kabla mpeane paka kwa hasira, mjue ile protini hukaa kwa kapeti na godoro miezi kadhaa hata mnyama akienda. Kuna familia huondoa paka Jumamosi, Jumatano mtoto bado anakohoa, wanasema basi haikuwa paka. Labda ilikuwa. Kapeti ndiyo ilibaki.

Kama doh haiko kabisa, na keja yako ni tailizi, usinunue mashine. Kunja kapeti, peleka ushago. Tumia mopu yenye maji badala ya fagio kavu, juu fagio inarusha hewani kenye ulikuwa unataka kutoa. Kwa kochi, vaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe kidogo, sugua upande mmoja. Manyoya yanajikunja kama chapo. Na chana mnyama kila siku huko nje. Hapa karibu na ikweta mchana ni ule ule mwaka mzima, kwa hivyo usingoje eti msimu wa kupukutisha upite.

Na siku mashine itaanza kutoa cheche ndani na harufu ya umeme, usikubali haraka fundi akikwambia mota imeungua nunua ingine. Mota nyingi za vakyumu za waya zina vipande viwili vya kaboni, kama vile vya drili na blenda, na vinaisha kwa kusuguana. Mwambie afungue, akuonyeshe kaboni kwanza.