Kidepo: mbali, lakini kunafikika kwa mpango

Watalii wengi wanaozuru Uganda huishia Bwindi au Murchison. Kidepo, hifadhi ya kilomita za mraba 1,442 iliyo kaskazini mashariki, mpakani na Sudan Kusini, huachwa kwa sababu ya umbali. Ni takriban kilomita 570 kutoka Kampala, na busara ni kulala njiani, Gulu au Kitgum.

Msimu ndio wa kuangaliwa kwanza. Mto Kidepo hubaki mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, ila bonde la Narus huhifadhi maji. Kwa hiyo kati ya Desemba na Machi nyati na tembo hujazana huko, na simba huwafuata. Duma pia wapo, wanyama wasiopatikana Murchison.

Kisha kuna viza. Tangu 2014, mgeni anaweza kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa viza moja ya dola 100, siku 90. Lakini akichomeka Serengeti katikati ya ratiba, atalipia viza ya Tanzania, na ile ya pamoja hukoma anapotoka nje ya nchi hizo tatu. Kwa jumuiya yenye soko la pamoja, ni ajabu. Hadi hapo litakaporekebishwa, afadhali Serengeti iwe mwanzoni au mwishoni.

Raia wa Afrika Mashariki hawana shida hiyo, na kiingilio chao Kidepo ni nafuu kuliko cha wageni, mradi wabebe vitambulisho.