Siri Iliyokabidhiwa Hewa

Simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita simu isiyo na waya, ina aibu moja ambayo hakuna fundi aliyejaaliwa kuiondoa: mawimbi yake yakishaiacha antena hayamchagui mpokezi, bali huenea pande zote, yakamfikia aliyekusudiwa, na jirani aliyelala, na mdukizi aliyeketi gizani na chombo chake, ambaye hana haja ya kukata waya wala kubisha hodi.

Guglielmo Marconi alidhani ameipatia aibu hiyo dawa. Mwaka 1900 aliomba hataza nambari 7777 nchini Uingereza, ya kuwianisha mtambo wa kupeleka na wa kupokea katika wimbi moja, na baadaye akajigamba kwamba chombo kisichowianishwa vivyo hivyo hakiwezi kunasa habari zake. Kumbe kuwianisha si kusitiri. Nevil Maskelyne, bingwa wa kiinimacho aliyeujua umeme barabara, alisimamisha mlingoti huko Porthcurno kwa niaba ya kampuni ya simu za waya iliyoihofia biashara yake, akawa anazisoma habari za kituo cha Marconi cha Poldhu. Na Juni 1903, hadhara ilipokusanyika katika Royal Institution mjini London kushuhudia ajabu hiyo, chombo cha kupokelea kikaanza kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya panya, tena na tena, kisha beti za kejeli, zote zikitumwa na Maskelyne. Profesa John Ambrose Fleming, aliyeliongoza onyesho hilo, alighadhibika, akapeleka malalamiko yake kwa gazeti la The Times. Mimi naona alistahili kushukuru.

Maadamu hewa haifungiki, kifungwacho ni maana. Waliobuni Wi-Fi walilifahamu hilo, walakini kufuli waliyoitoa mwaka 1997, iitwayo WEP, ilikuwa na udhaifu wa ajabu. Kila pakiti ya habari iliongezewa nambari ya kuugeuza ufunguo, ili fumbo lisijirudie. Lakini nambari hiyo ilipewa biti 24 tu, yaani nambari 16,777,216, ambazo katika ruta yenye shughuli nyingi huweza kwisha kwa saa chache, zikaanza upya, na mafumbo mawili ya ufunguo mmoja yakiwekwa pamoja humfunulia mdukizi mengi. Fauka ya hayo, mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walibainisha kwamba baadhi ya nambari hizo zilikuwa zikivujisha ufunguo wenyewe.

Kufuli ya WPA2 ya mwaka 2004 ni imara zaidi kuliko WEP, ila katika mgahawa ambamo neno la siri limebandikwa ukutani, mteja yeyote anayelijua, akizinasa salamu za awali baina ya simu yako na ruta, aweza kuyafumbua mawasiliano yako yote yasiyo na kinga nyingine. Mlango huo ulizibwa na WPA3, mwaka 2018. Basi, msomaji mwenye ruta nyumbani, ifungue leo orodha ya mipangilio yake: ukikuta WPA3 ichague, ukikosa chukua WPA2 yenye neno refu, na ikiwa haina ila WEP, kanunue nyingine.