Mlango wa Bwana Maksuudi: Taashira na Uasi wa Mwanamke katika Utengano

Mwalimu mwenzangu, ukifundisha fasihi hapa Isiolo huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa taashira. Uchukue ushanga. Miongoni mwa Wasamburu, msichana akivishwa ushanga na morani, kila amwonaye huelewa kwamba ni mpenzi wa morani huyo, ingawa hatamwoa. Sasa vuka mto Ewaso Nyiro, ufike Umoja karibu na Archers Post, kijiji kilichoanzishwa mwaka wa 1990 na wanawake wa Kisamburu waliotendewa ukatili, na ambamo wanaume hawaishi. Wanawake hao hujipatia riziki kwa kutunga ushanga na kuuuza. Kitu ni kile kile. Mkono unaokishika ndio uliobadilika, na maana ikabadilika pamoja nao.

Nimeanza hivyo kwa sababu wanafunzi wetu huikariri taashira kama msamiati: giza ni ujinga, mlango ni uhuru, basi. Aidha, huichanganya na jazanda. Jazanda hulinganisha kitu na kingine. Taashira ni kitu kilichomo hasa katika hadithi, kinachotumika na wahusika, ila kinabeba maana zaidi ya matumizi yake. Kwa hiyo hatuwezi kuieleza bila kuuliza nani anakitumia, na dhidi ya nani.

Tutazame Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka wa 1980 na ambayo iliwahi kuwa kitabu teule cha KCSE. Bwana Maksuudi amemtawisha mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Wanafunzi Waislamu wa Isiolo hawahitaji kuelezwa utawa ni nini, na huenda wengine wakadhani mwandishi anaishambulia dini yao. Usiliache wazo hilo lipite. Waulize: Maksuudi mwenyewe anaishije? Huyu anayewafungia wanawake wake kwa jina la heshima ndiye yule anayekwenda kwa Kazija, na ndiye aliyemdhulumu mkewe wa awali, Mwanasururu. Ukuta ule ule unaowazuia Tamima na Maimuna wasitoke unaufichia umma uovu wa mwenye nyumba. Hapo ndipo nyumba inapokuwa taashira: heshima ya mwanamume imejengwa kwa kifungo cha wanawake. Nadhani mwandishi anaushtaki unafiki, wala si ibada.

Mlango unafunguliwa na nani? Na Bi Farashuu, mkunga, tena mama yake Mwanasururu. Maksuudi anaweza kumzuia kila mtu isipokuwa mkunga, kwa maana uzazi haungoji ruhusa. Farashuu anaitwa kumtoa mtoto tumboni. Baadaye ni kwa msaada wake Maimuna anatoka nyumbani. Sijui kama mwandishi alikusudia tukusome kutoroka huko kama kuzaliwa kwa pili, lakini matini yanaturuhusu, na mwanafunzi atakayeliona hilo mwenyewe apewe alama zake. Ila tahadhari: Farashuu hana nia ya kumkomboa msichana. Analipiza kisasi cha binti yake, na Maimuna ndiye silaha. Kwa hivyo mlango huu hauwezi kuandikwa ubaoni kuwa ni "uhuru" na mambo yakaishia hapo. Maimuna ametolewa katika mipango ya mwanamume mmoja akaingizwa katika mipango ya mwanamke mwingine, kisha akaishia mjini, akiimba katika baa, bila elimu wala ujuzi wa dunia ambao baba yake alimnyima.

Kosa ninalotaka tulijadili ni letu walimu. Nami nimelitenda. Kwa miaka kadhaa nilimfundisha Maimuna kama onyo: asi wazazi, uone. Siku moja msichana wa kidato cha tatu, ambaye nilijua kwao kulikuwa na mazungumzo ya posa, akaniuliza, "Na angebaki, mwalimu?" Sikuwa na jibu katika maandalio yangu. Jibu lilikuwa ndani ya kitabu: angebaki angekuwa Tamima. Tamima alitii, akapigwa akiwa mjamzito, kisha akapewa talaka. Usiwasawiri mama na binti katika vipindi viwili tofauti. Waweke katika swali moja, kwa sababu mmoja ndiye hoja inayomtetea mwenzake.

Ukipenda mfano wa kulinganisha, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), iliyopigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, inafaa. Jina hilo ni la sifa za Bikira Maria katika litania. Waombe wanafunzi Wakatoliki wawaelezee wenzao. Rosa anapewa jina la usafi, baba yake Zakaria anaulinda usafi huo kwa kipigo, na hatimaye mchumba anamkataa kwa kuukosa. Hapa kifungo hakina hata ukuta. Kimo katika jina.

Turudi kwa Maimuna. Baada ya yote hayo anaolewa na Kabi, maana yake anaingia tena nyumbani kwa mwanamume. Darasa langu hugawanyika hapa kila mara: wengine husema ameshindwa, wengine hukumbusha kwamba safari hii hakuna aliyemfungia. Mimi huwapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja: mlango huu wa pili, ufunguo uko kwa nani?