Mbochi ya Ua na Mbochi ya Jani: Mimea ya Kibiti na Wadudu Wake

Mbochi ni majimaji matamu yanayotolewa na mmea kupitia tezi maalumu, na kwa kuwa watu wengi huyafahamu kwa njia ya nyuki na asali, hudhaniwa kwamba kazi yake huanzia na kuishia ndani ya ua. Katika Wilaya ya Kibiti, ambako mashamba ya mikorosho hayako mbali na misitu ya mikoko ya Delta ya Rufiji, mambo yanaonekana kuwa mapana zaidi ya hapo. Ipo mbochi ya ndani ya ua, ambayo huwavuta wachavushaji, na ipo mbochi inayotoka kwenye majani, kwenye vikonyo vya mashada na hata kwenye korosho changa, ambayo huwavuta walinzi. Hii ya pili hupuuzwa sana, ingawa kwa mkulima wa korosho uzito wake haupungui ule wa ya kwanza.

Sukari inayotengenezwa na majani kwa usanisinuru husafiri ndani ya floemu, yaani mirija hai inayosambaza chakula mwilini mwa mmea, na sehemu yake kubwa huwa ni sukrosi. Inapofika kwenye tezi, sukrosi hiyo hupitishwa hadi nje ya seli na protini za usafirishaji, kisha kimeng'enya kiitwacho invatesi huivunja kuwa glukosi na fruktosi, na kwa kuwa maji hufuata upande wenye sukari nyingi, tone hujitokeza juu ya tezi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mmea mdogo wa Arabidopsis ulionyimwa protini moja tu kati ya hizo, iitwayo SWEET9, haukutoa mbochi kabisa. Ugunduzi huo una maana kubwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba mbochi si jasho linalovuja lenyewe, bali ni matumizi yanayosimamiwa na mmea, unaotoa chakula chake wenyewe ili upate huduma ambayo hauwezi kujifanyia, kwa sababu umefungwa na mizizi mahali pamoja.

Delta ya Rufiji, yenye mikoko inayozidi hekta 50,000 na iliyoingia mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu za kimataifa ya Ramsar pamoja na Mafia na Kilwa, ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi ua linavyomchagua mgeni wake. Mchu, mti unaostahimili chumvi kwa kuitoa nje kupitia tezi za majani yake, una pia tezi za sukari katika maua yake madogo ya rangi ya manjano na chungwa, hivyo mti huohuo hutoa chumvi kwa jani na utamu kwa ua, na nyuki huufuata kwa wingi. Mlilana hufungua maua yake jioni, maua yenye stameni nyingi nyeupe na mbochi tele, ambayo hutembelewa na popo na nondo wakubwa, na usiku mmoja ukipita stameni huwa zimekwisha kupukutika. Msinzi humtegemea ndege, hasa chozi, ambaye mdomo wake unapogusa petali zilizobana stameni, petali hizo hufyatuka na kumrushia chavua. Mkoko wenyewe hutumia upepo kwa sehemu kubwa, na kwa hiyo hauhitaji kugharamia karamu ya namna hiyo. Pale miti kama mchu inapofyekwa ili kupanua mashamba ya mpunga, jambo ambalo limeendelea kwa miaka mingi katika sehemu ya kaskazini ya delta, malisho ya nyuki huondoka pamoja na kuni na nguzo, hata kama hasara hiyo haiingizwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Katika nchi kavu, kuanzia Bungu hadi upande wa delta, mti wenye mafunzo mengi zaidi ni mkorosho. Shada lake moja hubeba maua ya aina mbili, yaani ya kiume, ambayo ndiyo mengi, na yale yenye jinsia zote mbili, ambayo peke yake huweza kuzaa bibo na korosho, na chavua yake inanata kiasi kwamba hubebwa vizuri na wadudu kuliko na upepo. Mbochi na harufu ya maua hayo huwaleta nyuki, nzi na wadudu wengine wadogo. Lakini mkorosho una pia tezi za mbochi nje ya maua, ambazo hufanya kazi kwenye majani machanga, kwenye mashada na juu ya korosho inayokua, yaani katika sehemu zilezile laini ambazo wadudu waharibifu huzipenda. Wanaozifuata tezi hizo ni chungu, na miongoni mwao wenye manufaa makubwa ni maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za hariri za mabuu wao na kujenga viota juu ya mti.

Chungu anayepita mara kwa mara akitafuta mbochi hukutana na kila kinachotua juu ya shada, na maji moto hawavumilii mgeni. Maadui wakubwa wa korosho wanaozuiwa nao ni wawili. Wa kwanza ni mbu wa mikorosho, mdudu wa jamii ya Helopeltis, ambaye hufyonza utomvu wa machipukizi na mashada na kuacha madoa meusi, na mate yake yenye sumu huyakausha maua kabla hayajazaa. Wa pili ni kunguni wa minazi, ambaye hushambulia pia korosho changa. Jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka Michael Way, mtafiti aliyefanya kazi Zanzibar na kuonyesha kwamba minazi yenye maji moto haikupukutisha vidaka kama ile iliyowakosa. Tafiti zilizofanywa baadaye katika mikorosho ya pwani ya Tanzania zimeelekea upande huohuo, kwa kuwa miti yenye maji moto wengi imeonekana kuwa na madhara machache ya wadudu hao wawili.

Ulinzi huu una gharama zake, na si haki kuzificha. Maji moto huwauma vibaya wavunaji na wapogoaji, na hiyo ndiyo sababu viota vyao huchomwa moto, na zaidi ya mbochi hupenda majimaji matamu yanayotolewa na wadudu magamba, ambao huwatunza kama mfugaji anavyotunza mbuzi wake, ilhali wadudu hao hunyonya mti. Hata hivyo, madhara ya wadudu magamba kwa mkorosho wenye afya ni madogo yakilinganishwa na shada zima lililokaushwa na mbu wa mikorosho, na anayechoma kiota ili avune kwa raha hulazimika baadaye kununua kwa fedha ulinzi ambao mti ulikuwa ukiulipia kwa sukari.

Kuhusu dawa hizo za kununuliwa, salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na ukungu, ni dawa ya ukungu, wala isichanganywe katika fikra na viuatilifu vya wadudu, ambavyo havitofautishi mbu wa mikorosho na nyuki au maji moto. Mkulima wa Kibiti anashauriwa kukagua mashada kabla ya kupuliza kiuatilifu, kuiacha miti yenye viota hai vya maji moto isiyoonyesha dalili za mashambulizi, na pale inapobidi kupuliza, afanye hivyo jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mizingani.