Kikohozi Wakati wa Baridi

Huku Katanga usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 una baridi. Watu hufunga madirisha na kuketi pamoja karibu na moto. Hapo vijidudu hutoka kwa anayekohoa na kumwingia jirani yake.

Mwenye nguvu atapona baada ya siku chache. Lakini aliyepooza misuli ya kifua hawezi kukohoa vizuri. Makohozi hukaa ndani, na homa ya mapafu huweza kumshika. Wazee, watoto wachanga na wenye pumu wamo hatarini vilevile.

Basi, kabla ya kumpeleka mtu wa namna hii penye watu, jiulizeni: Yuko anayekohoa? Nyumba imefungwa? Tutakaa muda gani?

Msimwache nyumbani peke yake siku zote. Fungueni madirisha, mketisheni penye hewa safi, na anayekohoa akae mbali naye. Naweni mikono kwa sabuni. Moshi usijae nyumbani.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja, au mtu yeyote akihema kwa shida, msingoje kesho. Mleteni hospitalini.