Sakafu ya mbao yaogopa ncha, si uzito

Nikisema juma hili nazungumzia spika, nisieleweke vibaya. Simsemi yule anayekalia kiti Bungeni. Nasema yale masanduku marefu ya muziki, yale yasimamayo sakafuni kama walinzi wawili, moja kulia na jingine kushoto mwa televisheni. Na nazungumza hasa na wale wenzangu tuliopanga katika nyumba za zamani za mjini, ambazo sakafu yake si saruji wala vigae bali ni mbao.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga ghorofani katika nyumba ya namna hiyo, mbao tupu zilizopigiliwa juu ya boriti, zinang'aa kwa vanishi. Nikanunua spika mbili, kila moja kilo 36. Kijana aliyeniletea akazifungia kwa chini ile miiba minne ya chuma iliyokuja nazo kwenye boksi, akaniambia bila miiba muziki hauna mdundo. Nikakubali, maana yeye ndiye fundi. Baada ya wiki mbili nikaona spika zimeukaribia mno ukuta, nikazivuta mbele kidogo. Nilizivuta, sikuzinyanyua. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alipiga magoti, akaipitishia kidole ile mifereji ya spika mbili, kisha akainuka na kunieleza kwamba fedha yangu ya dhamana, kodi ya miezi miwili, hairudi.

Nilibishana naye sana. Nilimwambia sakafu yake ni dhaifu, haiwezi kubeba kitu. Leo najua kwamba hapo nilisema uongo bila kukusudia.

Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa ibebe kiasi cha kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Kilo 36 ni mtoto wa shule ya msingi. Kama boriti hazijaliwa na mchwa wala kuoza kwa maji ya bomba linalovuja, sakafu haina habari na spika yako. (Kama una shaka, gonga mbao kwa fundo la kidole, na pembezoni karibu na ukuta dunga kwa bisibisi. Ikilia tupu au bisibisi ikizama, acha muziki kwanza, umwite mwenye nyumba.)

Jambo lenyewe liko katika ncha. Hebu tufanye hesabu. Kilo 36 kwa miguu minne ni kilo 9 kila mguu. Ncha ya mwiba ule, tuseme, ina upana wa milimita moja ya mraba. Sentimeta moja ya mraba ina milimita mia moja za mraba. Kwa hiyo mbao iliyo chini ya ncha hiyo inakandamizwa sawa na kilo 900 kwa kila sentimeta ya mraba. Sasa mchukue tembo wa tani 4, mwenye nyayo za upana wa sentimeta 40 hivi. Ukigawanya, anaikandamiza ardhi chini ya kilo moja kwa sentimeta ya mraba. Naam, tembo angepita sebuleni mwako kwa adabu kuliko spika yako. Ndiyo sababu viatu vya kisigino chembamba viliposhika mtindo huko Ulaya katika miaka ya 1950, baadhi ya majengo yenye sakafu nzuri za mbao yaliwakataza wanawake kuingia navyo.

Ugumu wa mbao nao unapimika. Mtaalamu wa Austria, Gabriel Janka, aliweka mwanzoni mwa karne ya 20 kipimo kinachotumika mpaka leo: kipande cha mbao hukandamizwa kwa gololi ya chuma yenye upana wa milimita 11.28 mpaka izame nusu, na nguvu iliyohitajika ndiyo ugumu wa mbao hiyo. Mvule huhitaji kiasi cha kilo 570. Msonobari laini haufiki hata nusu ya hapo. Mpingo unapita kilo 1,600, lakini nani ana sakafu ya mpingo? Basi kwa mwiba wenye kilo 900, hata mvule lazima uachie.

Hata hivyo, tuutendee mwiba haki. Ukisimama pale pale, unazama kidogo tu, kwa sababu kadiri unavyoingia ndivyo unavyonenepa, na mbao ikapata mahali pa kuushikilia. Kinachobaki ni kishimo kidogo kama cha msumari. Balaa ni kuuburuta. Hapo mwiba hugeuka jembe, unakata vanishi na nyuzi za mbao pamoja. Kodi yangu ya miezi miwili ilikwenda katika sekunde mbili za uvivu. Spika hunyanyuliwa na watu wawili.

Dawa ni kuupa uzito ule mahali papana pa kukaa. Spika nyingine huja na visahani vya chuma vyenye tundu dogo katikati la kukalisha ncha. Ukivikosa, hata sarafu yenye upana wa sentimeta mbili na nusu inashusha zile kilo 900 hadi chini ya kilo 2. Lakini mimi napendelea jiwe. Mafundi wa kaunta za jikoni wana mabaki kibao ya mawe wasiyo na kazi nayo. Kipande cha sentimeta 40 kwa 40, pamoja na spika juu yake, hukandamiza mbao chini ya gramu 30 kwa sentimeta ya mraba. Chini ya jiwe weka kipande cha zulia la sufi, manyoya yaelekee sakafuni.

Na hapa niwatahadharishe juu ya mtindo wetu wa kukata mpira wa ndani wa tairi na kuuweka chini ya kila kitu kizito. Mpira huo una kemikali za kuukinga usipasuke, nazo huhama polepole na kuingia katika vanishi. Ukiuondoa baada ya mwaka unakuta duara la rangi ya chai, na hakuna sabuni inayolitoa.

Jiwe na zulia vina faida ya pili, na hii inamhusu jirani. Sakafu ya zege iko kimya. Sakafu ya mbao juu ya boriti ni ngoma: ina kiwambo juu na uwazi chini. Miiba ile imekusudiwa kupenya zulia na kuishika sakafu ili sanduku lisiyumbe. Juu ya zege lenye zulia inafanya kazi nzuri. Juu ya mbao tupu inaupeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye kiwambo. Besi inavimba, maneno ya mwimbaji yanamezwa. Jioni moja mama wa chini alipanda ngazi. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, kisha akanionyesha sahani. "Mwanangu, ngoma yako inanitilia vumbi kwenye wali." Nilitazama, na kweli, vumbi la miaka hamsini lilikuwa linadondoka kutoka kwenye nafasi za mbao.

Kwenye nyumba yenye watoto, spika ya urefu wa mita moja iliyokaa juu ya jiwe laini au sarafu ifungwe kwa mkanda nyuma, ukutani. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote, na kilo 36 zikimwangukia si jambo la dhamana tena. Tundu moja la skrubu mwenye nyumba ataelewa, ukimwomba kabla.

Kama kishimo kimekwisha kuwapo na nyuzi hazijakatika, futa vanishi mahali hapo, weka kitambaa kibichi, pitisha pasi ya moto kwa sekunde chache, urudie. Mvuke huivimbisha mbao na kishimo hupanda. Jaribu kwanza pembeni, nyuma ya mlango. Mifereji kama yangu haipandi. Hiyo ni ya randa na msasa, na fundi wa kulipwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.