Motere ya mtumbwi inakosa nguvu? Pima kompresio mbele ya kununua piesi

Asubuhi kwenye ukingo wa Lualaba, upande wa Kasongo, mwenye mtumbwi anavuta kamba mara kumi, mara kumi na tano, motere haiwaki. Ikiwaka, inakwenda vizuri mtumbwi ukiwa mtupu. Lakini ukipakiwa mifuko ya mchele na watu, nguvu inaisha katikati ya mto. Wengi wanalaumu kabirateri, wengine wanabadilisha buji kila mara. Mara nyingi ugonjwa uko ndani ya silinda: kompresio imeshuka.

Kompresio ni nini? Pistoni ikipanda, inakandamiza hewa na esansi mbele ya buji kutoa cheche. Segima, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, ndizo zinafunga nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Zikichakaa, ama zikigandishwa na masizi, mkandamizo unatoroka. Motere inakula esansi, lakini haisukumi.

Namna ya kupima

Mekanisie anatoa buji zote na kukata moto wa umeme. Anafunga saa ya kupimia mahali pa buji, anafungua gesi yote, kisha anavuta kamba kwa nguvu mpaka mshale usimame. Anafanya vile kwa kila silinda. Mamotere mengi madogo ya mtumbwi yanatoa kati ya bari 6 na 9. Kipimo kamili kinategemea aina ya motere. Jambo kubwa ni usawa: silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna kasoro.

Kisha anatia kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda dhaifu na kupima tena. Mshale ukipanda sana, segima ama silinda imechakaa. Usipopanda, aangalie joini ya kulasi, zaidi kama silinda mbili zinazopakana zote ziko chini, ama buji inatoka na maji.

Matengenezo, toka rahisi kwenda gharama

Kama segima zimegandishwa tu, mekanisie anatia petroli ya taa iliyochanganywa na oili kupitia tundu la buji, mbali na moto, na kuiacha usiku mzima. Kesho yake anavuta kamba bila buji ili uchafu utoke, ndipo awashe. Moshi mwingi mwanzoni si ajabu. Kisha apime tena.

Ikishindikana, lazima kufungua. Mifereji ya pistoni isafishwe, joini ya kulasi iwe mpya. Segima mpya zisitiwe ndani ya silinda yenye mikwaruzo mikubwa: zitaharibika haraka. Silinda ya namna hiyo inachongwa, na pistoni na segima zinanunuliwa kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa mfano milimita 0.25 ama 0.50 juu ya kile cha kwanza. Hapo ndipo gharama inapanda, kwa sababu piesi na mashini ya kuchonga ziko mbali. Ndiyo maana kupima mbele kunaokoa pesa.

Kinachoua motere

Cha kwanza ni oili. Oili ya gari inaacha masizi mengi. Ile ya motere ya mtumbwi ina alama TC-W3. Mamotere mengi yanataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi, ya zamani zaidi lita 1 kwa 25. Segima zikiwa mpya, oili inaongezwa na mzigo unapunguzwa kwa masaa 10 ya kwanza.

Cha pili ni mchanga. Wakati wa kiangazi, Lualaba na Luama, ule mto unaopita Kabambare, maji yanapungua, na motere inavuta mchanga. Pompi ya maji ikichakaa, motere inachemka na pistoni inakwaruza silinda. Yale maji yanayoruka nyuma ya motere yakikatika, zima mara moja.

Motere dhaifu si hasara ya pesa tu. Ikizimika katikati ya mkondo, mtumbwi unafuata maji, na abiria wengi hawana jile. Mpaka ipone, mzigo upunguzwe na makasia yabaki ndani.